Redio ya Pikapu na Chumvi ya Ng'ombe

Mtwara

Mama yangu,

Shikamoo. Goti linasemaje siku hizi? Kama bado linakusumbua ukiteremka kisimani, mwache dada Ghati ateke maji, asijifanye mgeni hapo Itiryo. Mimi mwili ni mzima, moyo ndio bado. Hapa gereji nafunga redio kwenye magari ya watu kutwa nzima.

Ghati alinieleza kwenye simu yaliyotokea siku ya mazishi ya Baba, maana mimi mafuriko yalinikatia barabara huku, mkazika bila mimi. Anasema mdogo wangu Marwa alitaka kusogeza pikapu ya Baba ili turubai lipate nafasi. Kuzungusha ufunguo tu, redio ikawaka, na litungu, zeze letu la Kikurya, likalia mpaka ng'ambo ya bonde, kuanzia pale wimbo ulipokatika Baba alipozima gari mara ya mwisho. Ng'ombe wakaacha malisho wakaja mbio, wakapita katikati ya waombolezaji, wakaizunguka pikapu wakingoja chumvi. Hakuna aliyekuwa nayo. Nasikia ulilia hapo kuliko kaburini.

Siku namfungia Baba redio ile nilimwambia, "Punguza sauti kabla hujazima, utaunguza spika."

Akacheka. "Sasa wewe, nikipunguza, ng'ombe watajuaje nimerudi na chumvi?"

Mzee yule alikuwa mbishi, Mama, na leo nautamani ubishi wake.

Ghati anasema umeficha ufunguo, hutaki mtu aguse redio. Tena kila jioni ng'ombe wanakwenda kusimama kwenye mlango wa dereva mpaka Marwa awafukuze kwa fimbo. Hilo limeniumiza sana. Wao hakuna aliyewaambia kwamba Baba amekufa.

Nakuomba utoe ufunguo. Betri ikikaa bila kazi inakufa, na vumbi linakula spika. Marwa asafishe vichwa vya betri kwa maji ya moto, ule unga mweupe utoke. Kwanza ateremshe sauti hadi chini kabisa, ndipo awashe injini, kisha aipandishe sauti pole pole. Besi asiiguse, maana spika ya mlango wa kushoto imechanika. Lakini asiwashe kabla wewe hujashika chumvi mkononi. Tusiwaite bure mara ya pili.

Nisalimie shangazi anayelala nawe siku hizi, na mchungaji aliyemzika Baba. Marwa mwambie asijilaumu, hata mimi ningezungusha ufunguo ule.

Siku hiyo ikifika, Ghati anipigie. Msiongee nami. Wekeni simu karibu nisikie litungu, na wimbo ukiisha, nisikie ng'ombe wakilamba mkononi mwako. Sikutupa udongo kaburini kwa Baba, Mama. Nipe hata hilo.

Mwanao,
Mwita