Video ya Tumpe Ambayo Sikuifungua

Atupele mwanangu,

Ndaga, mwanangu. Hapa Busale tunaendelea. Tumpe meno yake ya mbele yameng'oka, akicheka ni wewe mtupu. Nakuandikia kwa mkono wangu mwenyewe, herufi zile zile ulizokuwa ukizicheka kwamba zimelala kama mpunga uliopigwa na mvua. Mimi niliishia la nne, nivumilie.

Unaikumbuka ile wiki uliyoomba tukutolee kiti nje, karibu na majamvi ya kokoa? Mwili ulikuwa umekwisha, lakini ulijipaka mafuta, ukafunga kilemba cha njano, ukaiweka kompyuta yako juu ya kinu kilichopinduliwa. Ukaanza kuongea na Tumpe kama vile yuko mbele yako, mtu mzima, na mwenyewe amelala mgongoni kwangu. Kuku wakavamia kokoa, nikawafukuza kwa kelele. Ukageuka ukasema, "Mama, na wewe umeingia kwenye video. Mjukuu wako atajua ulivyo na domo." Tukacheka mpaka ukapaliwa.

Zikawa video tano. Nne ukaniambia tumwonyeshe tu. Ya tano ukanishika mkono: "Hii ni yake mwenyewe, siku atakapovunja ungo. Mama, nakujua, usichungulie." Nikakuahidi.

Sasa nikwambie nilichofanya. Siku ya kugawa vitu vyako, wazee walisema shangazi yako wa Karonga apewe kitu ulichokuwa unakishika kila siku, basi akapewa simu. Huko watoto wake wakafuta kila kitu waanze upya. Laini yako mimi niliitoa nikaiweka kwenye simu yangu ya tochi. Nilidhani nitapata faraja. Kumbe wateja wako wa mchele wakawa wanapiga: Atu yupo? Kila siku nakuzika upya, Atu. Wiki ya tatu mmoja alipiga, nikamwambia, hakusikia vizuri, akauliza tena yuko wapi. Nikaichomoa ile laini nikaivunja kwa meno. Nikajiona nimetua mzigo.

Kompyuta niliitunza kwenye kitenge, ndani ya sanduku. Kila Jumapili tukitoka kanisani naiwasha, naandika jina la Tumpe na mwaka aliozaliwa kama ulivyonifundisha, unatokea na kilemba chako. Mtoto video ya kwanza ameishika yote kichwani, hata pale ninapofukuza kuku anaitikia. Ya tano tunaiona pale chini, tunaiacha.

Masika haya ikakataa kuchaji. Nikaipeleka kwa fundi wa kompyuta kule Mbugani, kijana mstaarabu, wala simlaumu. Akabadilisha kifaa kimoja ndani, ikawaka. Lakini haikutuletea wewe. Ilileta ukurasa wa bluu, inadai mstari mrefu wa namba. Nikaandika jina la Tumpe, ikakataa. Fundi akanieleza kwamba kompyuta za siku hizi zinajifunga kwa ndani toka siku ya kwanza, hata mwenyewe hujaomba. Imekuta kifaa kigeni ndani yake ikadhani imeibiwa. Video zipo, hazijaenda popote, ila bila namba zile hakuna fundi duniani wa kuzifungua. Akaniuliza kama hatukuzinakili kwenye flashi. Flashi, mwanangu, mimi nilijua ni ya kuwekea nyimbo.

Namba zenyewe, akasema, huenda zimehifadhiwa kwenye akaunti yako ya mtandaoni. Ili tuingie, akaunti inatuma meseji kwenye namba yako ya simu. Ile niliyoivunja kwa meno. Tukaipiga, na ikaita. Akapokea mwanamke, yuko Tunduma; kumbe kampuni ya simu ilishaiuza upya namba yako, laini ameinunua juzi juzi. Fundi akaomba meseji itumwe, ikamfikia yule mama. Nikamwomba anisomee tu zile tarakimu. Nikamweleza yote, kilemba, kuku, mtoto. Akasema, "Mama, kama kweli umefiwa, pole sana. Lakini namba hizi simsomei mtu." Fundi akachukua simu ajaribu yeye, sauti ya mwanamume ndiyo ikaharibu kabisa. Kesho yake namba ile haipatikani tena kwetu, ametuzuia.

Siwezi kumchukia. Si wewe ulinifundisha vile vile? Ulisema nisimsomee mtu namba zilizoingia kwenye simu yangu, hata akilia. Nililia, Atu.

Fundi amesema anaweza kuifuta yote iwe mpya, Tumpe aje aitumie shuleni. Nikamwambia aiache. Imerudi sandukuni. Mtoto aliponiuliza kwa nini mama hatokei, nikasema mashine ni mbovu, na uso wake ukanishinda kuutazama.

Nimenunua daftari. Nimeandika ninayoyakumbuka ya zile nne: kwamba asikubali kusukwa akiwa amekasirika, kwamba baba yake alimpenda kabla hajaondoka, kwamba bibi ana domo lakini hana roho mbaya. Maneno si yako sawasawa, ila yako karibu. Nilipofika ya tano kalamu ikasimama. Maisha yangu yote nimechungulia kila kitu, barua zako za shule, sufuria za majirani, na hii moja tu nikakutii. Ningekuwa mmbea kama kawaida yangu, leo mwanao angekuwa nayo.

Nimejaribiwa kuitunga. Nakujua, ningeweza kukisia ungemwambia nini, na asingegundua. Lakini siku yake ikifika nitamkalisha nimwambie mama yako aliongea na wewe peke yako, muda mrefu, akitabasamu, na akilia kidogo mwishoni. Hayo niliyaona nikiwa mbali, naanua kokoa. Akiniuliza ulisema nini, nitamwambia sijui.

Unisamehe, mwanangu. Lala salama huko uliko.

Ni mimi mama yako,
bibi yake Tumpe