Bolti Zilizoingia Bila Nyundo

Mjukuu wangu Anitha,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Huku Bukiriro tuko wazima na maharage tumeshavuna, ila swali lako limeninyima usingizi. Unasema mashimo ya vyuma vya paa mnalojenga hayakutani, na msimamizi anataka myapanue kwa moto wa gesi ili bolti zipite.

Ujana wangu tulijenga ghala Lusahunga, tukafanya hivyo hivyo. Bolti ziliingia bila nyundo, zikawa zinacheza ndani ya mashimo. Wenzangu walifurahi. Mimi niliogopa, kama unavyoogopa wewe.

Mchana tukiwa tunakula mle ghalani, upepo ulivuma, vyuma vikaanza kugongana juu ya vichwa vyetu. Bibi yako, aliyekuwa akitupikia, aliinua sufuria ya ndizi akaipeleka nje juani. Tulimcheka. Kisha mmoja mmoja tukabeba sahani tukamfuata, hata fomeni aliyetusimamia. Kesho yake tulianza kuvishusha vile vyuma.

Hofu yako usiionee aibu, mama. Mwambie msimamizi kabla paa halijapanda.

Bibi yako nimemsomea barua yako. Ameuliza tu, mchana huwa unakula wapi.

Babu yako