Firigisi ya Mwenye Boma

Jumapili, jioni. Mawingu yamejikusanya juu ya Donholm tangu asubuhi na hayajaangusha hata tone. Nimeshiba, nimevua viatu, na ninacheka peke yangu kwenye kochi.

Baba yuko Nairobi. Amekuja kutoka Kakamega na amefikia kwa kaka yangu, mtaa wa Umoja. Mzazi halali usiku nyumbani kwa binti yake, mila hiyo naijua na sina ugomvi nayo. Lakini hata chai yangu hajawahi kunywa! Kila nikimwalika jibu ni lile lile, "Kwako hakuna mwenye boma." Yaani sina mume, kwa hiyo hakuna wa kumkaribisha.

Inaniuma. Nyumba ni yangu, jasho ni langu.

Safari hii nikasema sawa, kama haingii kwangu, nitamlisha hotelini. Bora ale kwa mkono wangu.

Jana nikampeleka hoteli moja ya hapa hapa Donholm, ya vioo na maua. Makosa! Menyu si ya karatasi, ni ya kupiga picha kwa simu ndipo uisome. Baba akaomba maji ya kunawa, weita akamwonyesha choo kwa kidevu. Halafu akamruka mzee, akaniuliza mimi, "Huyu atakula nini?" Kama mtoto mchanga! Nilisimama nikamwambia yaliyokuwa moyoni, na wanaonijua wanajua moyoni mwangu kuna mengi. Baba alisema tu, "Twende, mama." Tukatoka na njaa.

Leo baada ya kanisa nikajaribu tena. Kariobangi, karibu na soko, hoteli ya viti vya plastiki. Akaja msichana wa Kikamba anaitwa Mwende, na jagi na beseni. Akaanza na Baba. Akamwagia maji polepole, akampa taulo, akamuuliza habari za safari. Nikaanza kupumua.

Nikaagiza kuku mzima wa kienyeji na ugali. Kuku akaja, ananukia. Baba akageuza vipande kwa kidole. Akageuza tena. Kisha akaweka mikono mapajani.

Firigisi haikuwepo.

Kama hutoki kwetu, utacheka. Kwetu firigisi ni ya mwenye boma, na mgeni wa heshima. Ukimpa mzee kuku asiye na firigisi, umemwambia usoni kwamba si kitu. Sisi wasichana tulikua tukiinusa tu. Na mimi, binti yake asiye na mume, ndiye niliyemwandalia tusi hilo. Nikajua hapa nimekwisha. Angerudi Kakamega na hadithi hiyo, na mlango wangu asingeukanyaga milele.

Nilishafungua mdomo nitoe moto. Mwende akaniwahi. Akainama mbele ya mzee, "Baba, nimekosea wapi?"

Baba akamwambia. Yule msichana hakucheka wala hakubisha. Akaingia jikoni, na mara mpishi mwenyewe akatoka, jitu zima, midomo bado inang'aa mafuta.

"Mzee, nimeila mimi. Hapa jikoni firigisi huwa ni ya mpishi. Nisamehe."

Kumbe na yeye ana mila yake!

Baba akamtazama, akamtazama, kisha akaangua kicheko. "Mwizi anayejitaja ni mwanamume," akasema. Wakati huo Mwende alikuwa ameshavuka barabara kwa wachinja kuku. Akarudi na firigisi, ikakaangwa, ikaletwa kwenye sahani yake peke yake. Akamnawisha Baba upya, kana kwamba ndiyo kwanza tumefika, akampa kwa mikono miwili.

Mimi huwa nalalamika kila hoteli, hilo nakubali. Leo sina lawama. Kosa lilitokea pale pia, tena kubwa kuliko la jana. Ila hawa waliuliza, wakakiri, wakatengeneza.

Lakini si hilo linalonichekesha hapa.

Baba aliikata firigisi katikati. Nusu akaiweka kwenye sahani yangu. Nikaangalia huku na huku, nisije nikaonekana na mtu wa kwetu.

"Baba, mimi?"

"Nani amenikaribisha hapa? Kula."

Nikala. Ngumu kidogo, chumvi imezidi, na machozi nikasingizia pilipili. Maishani mwangu sijala kitu kitamu vile. Nilijiona mkubwa, jamani, acheni niringe!

Tulipokuwa tukitoka akaniuliza, bila kunitazama, kama kwangu ni mbali. Nikasema si mbali. Akasema Jumanne mchana hana shughuli.

Kesho natafuta jogoo. Nitamwambia mchinjaji firigisi asiiguse mtu yeyote, mwenye boma ana mgeni.