Nyama Haivuki Kizingiti

Mama yangu mpenzi, shikamoo. Mguu waendeleaje? Mimi mzima wa mwili, alhamdulillahi, ila moyo umekuwa juu juu siku hizi zote. Ulinikanya nisibishane na tajiri. Nimebishana.

Huyu bibi wa Kihindi ninayemfanyia kazi hapa Ndia Kuu, tunamwita Ba, yaani mama kwa lugha yao. Ni mjane, na dini yake haimruhusu nyama wala yai. Paka wake, Moti, hula anachokula yeye: dengu, maziwa, karoti za kuchemsha. Basi Moti akaanza kujigonga kwenye viti kila jua likichwa. Ba akamzidishia karoti, ati dawa ya macho.

Nikambeba hadi kwa daktari wa mifugo kule Makupa. Akaniambia, "Mimi na wewe tukila karoti, matumbo yetu huigeuza kuwa vitamini ya macho. Utumbo wa paka hauwezi. Yeye lazima aipate tayari ndani ya nyama, hasa ini, tena na mafuta kidogo, maana vitamini hiyo hupenya utumbo pamoja na mafuta. Kipande kidogo tu, si kila siku. Mkichelewa atapofuka."

Kumwambia Ba, akafoka: "Nyama haivuki kizingiti changu! Ukiileta, shika njia urudi kwenu Msambweni!"

Ulimi ukaniteleza, Mama. "Aliyempa Moti tumbo la nyama ni nani, Ba? Si Mungu?"

Ya Rabi! Nikifukuzwa, nani atakununulia dawa?

Kesho yake jioni nikachemsha ini nje, barazani kwa jirani. Moti akafuata harufu, akafika kizingitini, akakwama. Hakuiona ngazi. Akanyoosha mguu, akaurudisha, akalia. Nami siwezi kuingia na sahani. Nyuma yake Ba amesimama, ananitazama. Nikajua kazi imekwisha.

Mara akajifunika pua kwa ncha ya sari, akambeba Moti, akavuka, akamweka miguuni pangu. Machozi yanamtoka.

"Nimesema nyama haivuki," akasema. "Sijasema paka asivuke."

Sasa yeye ndiye huniuliza kama ini limeiva. Jana magharibi Moti aliiruka ngazi mwenyewe, na wallahi tulilia sote wawili.

Nisalimie shangazi msuka makuti, na dada na kichanga chake. Ba naye akusalimu sana. Asema umezaa mtoto mkaidi, na yeye hamtoi kwa mtu.

Mkaidi wako,
Mwanasha