Utani wa Kinyozi Tuliouchekea

Baba, mwaka umekatika leo tangu utuache, na kiti chako cha kunyolea bado kiko palepale dirishani. Hakuna anayekikalia. Mama amekataza, na wewe unamjua Mama akikataza.

Ninayeandika ni mimi, binti yako, kifungua mimba, kwa niaba ya wote. Wadogo zangu wangeandika mistari miwili, wakabandika picha, basi.

Tuna hamu nawe, Mzee Mkasi. Tuna hamu na ile harufu ya poda na mafuta ya nywele uliyorudi nayo jioni. Tuna hamu na ulivyokuwa ukimgeuza mtu kichwa kwa kidole kimoja bila kukatisha hadithi. Miaka arobaini na moja umenyoa mtaa mzima, na hakuna aliyeshuka kwenye kile kiti bila kucheka. Mwenye upara ulimuuliza, "Leo tunapunguza wapi, mheshimiwa?" Hata kwenye msiba wa Babu ulichekesha watu mpaka Mama akakufinya.

Na wewe mwenyewe hukuwahi kuonekana na ndevu. Hata ukiwa na homa, wembe kwanza, chai baadaye.

Kiharusi kilipokuangusha na upande wa kulia ukagoma, ni wewe uliyesema, "Nipelekeni makao ya wazee. Mgongo wa mama yenu si wa kubebea gunia." Mama alilia, tukakupeleka. Tulichagua penye rangi mpya na maua mlangoni. Maua, Baba! Hatukuuliza hata wauguzi wako wangapi.

Kila jioni mdogo wetu wa mwisho alikupigia simu, kisha akatuandikia kwenye kundi la familia: "Utani wa Mzee leo."

"Chakula cha hapa kitamu sana, nimekisikia harufu kikipita." Tukacheka.

"Kengele ya kitandani ni pambo. Naibonyeza tangu asubuhi, nileteeni tarumbeta." Tukacheka.

"Nafuga ndevu, nikitoka hapa naanza uganga." Nilicheka mpaka machozi, mimi niliyekulia kwenye kibanda chako cha kunyolea! Wahudumu walituambia, "Mzee anakataa kunyolewa," nasi tukaamini. Wewe, ukatae wembe?

"Mgongo umeota mizizi, mkinivuta mtang'oa na godoro." Huo ndio ulikuwa wa mwisho.

Kesho yake, Jumatano, wala haikuwa Jumapili, siku yetu ya kuja, Mama alichukua wembe wako akaja peke yake kukunyoa. Akafunua shuka ili akuinue kidogo, akakiona kidonda mgongoni. Kilikuwa kimefika mfupani. Alipiga ukelele hadi wapishi wakatoka jikoni. Hospitali walijitahidi, lakini sumu ilikwisha kuingia kwenye damu. Ulikaa siku tisa tu.

Wakili tuliyempata ni mama mmoja mkavu, hachekicheki. Ofisi yake iko juu ya duka la viatu, na meza yake imejaa mafaili ya familia kama yetu. Tulimwambia ushahidi hatuna, tumebaki na majuto. Akauliza, "Mzee mwenyewe alikuwa anasema nini?"

"Aa, Baba yetu alikuwa anatania tu," nikamjibu.

Akavua miwani. "Nileteeni huo utani wote, pamoja na tarehe zake."

Akadai daftari la wauguzi. Wakakwepakwepa, akalipata kwa amri ya mahakama. Siku uliyosikia harufu ya chakula, wao waliandika kwamba umekula ukamaliza. Siku ya mizizi, waliandika umegeuzwa kila baada ya saa mbili. Na ile Jumatano waliandika wamekugeuza saa kumi jioni, wakati tangu saa tano asubuhi ulikuwa hospitali.

Mahakamani wakili alisoma utani wako mmoja baada ya mwingine, na majibu yetu chini yake. Wa kwanza, watu walicheka, hata hakimu alitabasamu. Alipofika wa nne, hakuna aliyekohoa. "Binti yake: kicheko, kicheko, kicheko." Ndivyo alivyosoma. Nilitamani ardhi inimeze.

Mwezi uliopita hukumu ilitoka. Mahakama imesema ulipuuzwa, na meneja wa makao alisimama mbele ya Mama akaomba radhi. Mama akafunga mkoba wake, akaondoka. Tulipotoka nje akasema, "Sasa njia nzima hii nani atanichekesha?"

Tusamehe, Baba. Ulitueleza kila siku, kwa namna yako ya kutotutia wasiwasi, na sisi tukakuona mchekeshaji tu.

Yule mwalimu mstaafu wa kitanda cha jirani, aliyeshuhudia kwamba kengele zilikuwa haziitikiwi, tulimsaidia kuhamia makao mengine. Hana mtoto wala ndugu. Tunakwenda kumwona Jumapili, na siku nyingine tunazuka tu bila taarifa. Mama anamnyoa kwa wembe wako. Juzi mwalimu akatuambia, "Jamani, godoro la hapa ni laini, limeshanimeza nusu!"

Sote tulisimama kwa pamoja. Siku hizi ni shuka kwanza, Baba, kucheka baadaye. Tukamgeuza polepole, tukamkagua kuanzia mabegani mpaka visiginoni. Mgongo wake ulikuwa mzima kabisa. Ndipo tukacheka, na Mama akacheka kuliko wote, halafu akatoka nje akalia.

Unakumbukwa na mkeo, uliyemwita Bosi, mimi binti yako, wanao wawili wa kiume, mmoja ambaye bado jioni hushika simu akaiweka chini, dada yako, wajukuu zako watano, na mtaa mzima, ambao sasa unanyolewa kimyakimya.

Kwetu husahauliki, Baba. Na sasa tunakusikia.