Picha ya Waziri kwa Kinyozi

Jumanne, Edmonton

Basi amerudi ukutani. Orhan, kinyozi wangu Mturuki, ameitundika tena picha ya yule mwanasiasa wao, bingwa wa kufufua uchumi. Alipoteuliwa waziri wa fedha, picha ilipanda. Alipojiuzulu kwa hasira, ikashushwa na kufichwa nyuma ya mataulo. Alipoanzisha chama chake, Orhan akamwita msaliti. Leo ameteuliwa tena na rais yule yule waliyekuwa wakitukanana naye, na Orhan analia kwa furaha huku wembe ukiwa kooni mwangu.

"Safari hii uchumi utanyooka, kaka. Mwakani narudi kwetu Izmir."

Maneno hayo nimeyasikia tangu bintiye akiwa nasari. Sasa binti ni nesi.

Nilipomsimulia mke wangu nilicheka mpaka nikakohoa. Yeye hakucheka. Alitazama juu ya kabati, lilipo sanduku langu la kurudia Nakuru, lile ninalolifungasha kila uchaguzi wa Kenya ukikaribia na kulifungua matokeo yakitoka.

"Na lako, Baba Neema," akauliza, "nilipanguse vumbi?"

Nitatafuta kinyozi mwingine.