Sabuni Nyuma ya Mgongo Wako

11 Agosti

Mama Chiriku wangu,

Hamjambo hapo nyumbani? Chiriku anaendeleaje na shule, na mdogo wake kikohozi kimemwacha? Mguu wa mama yangu umepungua uvimbe? Mimi mzima, ila mgongo unanikumbusha umri kila asubuhi kabla sijavaa viatu.

Naandika kwenye simu kama barua, maana nikipiga nasikia "halo, halo" na mlio kama wa maji, kisha mtandao unakwenda zake.

Nina habari. Jumamosi hii tunarusha mechi kubwa, na nimesikia itaonekana mpaka huko kwetu. Nilipokwambia navuta nyaya ulidhani nimekuwa fundi umeme. Sivyo. Kuna mpiga picha anayekimbia kando ya mstari na kamera begani, mrefu, tunamwita Twiga. Waya unatoka kwenye kamera yake mpaka kwenye gari la matangazo nje ya uwanja. Mimi niko nyuma yake. Akienda mbele namwachia waya, akigeuka naukusanya, akirudi kinyumenyume namshika mkanda asimkanyage mtu. Jicho lake liko kwenye kamera, hajui anapokanyaga. Miguu yake ni mimi.

Nitazame upande wa benchi la akiba, fulana ya rangi ya machungwa. Uso sidhani kama utauona. Ni marufuku kwetu kuzitazama kamera nyingine. Msimamizi anasema mtazamaji hatakiwi kujua kama tupo. Ukiniona usipige kelele, watu watadhani nimefunga mimi.

Huku wameleta kamera zisizo na mtu. Zimefungwa juu ya nguzo, zinageuka zenyewe kuufuata mpira, na anayeziamrisha amekaa chumbani mji mwingine kabisa. Hazina waya. Siku ya majaribio moja iliuacha mpira ikafuata mfuko wa plastiki uliopeperushwa na upepo. Twiga alicheka sana. Anasema haziwezi kazi. Siku hizi analisema hilo mara nyingi mno.

Nimewakumbuka. Nikikunja waya jioni nawaza mikono yako inavyokunja nguo, na nakosea mizunguko.

Mumeo,
Baba Chiriku

17 Agosti

Baba Chiriku,

Sisi wazima. Mguu wa mama vilevile. Salamu zimeisha, sasa nisikilize.

Jana tulikwenda kwa kinyozi, ndiye mwenye televisheni kubwa. Nilivaa gauni la bluu, kana kwamba na wewe utaniona. Watu walijaa mpaka mlangoni. Chiriku ndiye aliyekuona kwanza. "Mgongo wa baba ule!" Na kweli ulikuwa wewe, umeinama, umekonda.

Halafu mpira ukatoka, picha ikatulia pale ulipo. Nyuma yako kulikuwa na bango refu la sabuni. Si sabuni ya huko. Ni sabuni hii ninayofulia, ya kiwanda cha ng'ambo ya daraja, na namba zao za simu chini yake.

Kinyozi alizima mashine katikati ya kichwa cha mtu. Akasema, "Shemeji, hiyo sabuni hata wilaya ya pili haijafika. Nani ataibandika ughaibuni?"

Yule jirani anayeuza mkaa akadakia: "Mwenzetu kila siku anatazama juu akingoja ndege, kumbe mume kashuka na basi."

Walicheka wote. Nikamshika Chiriku mkono tukatoka. Njiani akaniuliza, "Mama, kama baba yuko karibu, kwa nini haji?" Nijibie wewe.

Miaka mitatu nimekulinda kwa watu. Kama umerudi na uko mjini, na pengine una mwingine, sema. Usinifanye bwege. Na usinitumie picha ya simu uniambie hapa ndipo nilipo. Picha nimeshaiona.

Kaka amekuja leo asubuhi, habari zilimfikia kabla sijaamka. Anasema fimbo ya mbali haiui nyoka. Mwisho wa mwezi ujao ataleta gari atuchukue mimi na watoto, turudi kwa wazazi. Sikumwambia ndiyo. Sikumwambia hapana.

Mama Chiriku

18 Agosti

Mke wangu,

Sijui nianze na salamu au na kiapo. Natumai mmeamka salama.

Sijarudi. Naandika nimekaa kitandani, chumba cha watu sita, soksi zimeanikwa mpaka kwenye bomba la pazia. Ile sabuni haipo uwanjani. Nimesimama pale muda wote wa mechi na sikuiona, kwa sababu haipo.

Pale nyuma yangu kuna kitambaa cha kijani kitupu, kimezunguka uwanja mzima. Ni mambo mapya, yalianza msimu huu. Picha ikishatoka uwanjani, kompyuta inapaka tangazo popote inapoiona ile kijani. Kila nchi inapakiwa lake. Huko wanaona sabuni, kwingine wanaona bia, kwingine benki, na mechi ni ile ile, na mimi ni yule yule. Na mimi nilikuwa sijui. Nimemuuliza Twiga leo, ndiye aliyenieleza. Aliona ajabu kwamba nimefanya kazi mbele ya kitambaa kile wiki zote nikidhani hawajamaliza kukipaka rangi.

Najua inasikika kama uongo wa mlevi. Ningekuwa mimi ndiye nimekaa pale kwa kinyozi, nisingeamini. Lakini sina mwingine wala sina mji mwingine. Nijibu hata kwa neno moja.

Mumeo,
Baba Chiriku

7 Septemba

Mama Chiriku,

Hujambo? Watoto? Mama? Nauliza ingawa najua sijibiwi. Kila simu ikilia chumbani tunainuka watu sita, na wa kukaa chini wa kwanza ni mimi.

Mambo ya kazi yamebadilika. Jumamosi hii ni mechi ya mwisho ya nyaya. Baada ya hapo ni zile za nguzo tu. Gari la matangazo limeshapata mnunuzi. Twiga ameanza kuvaa miwani na kumwambia kila mtu alikuwa anataka kupumzika.

Basi nisikilize mara hii tu. Mwambie shemeji aende mjini, kwenye uwanja wetu mkubwa, asimame getini wakati mechi inachezwa. Wewe nenda kwa kinyozi. Mechi ikisimama kwa mapumziko, nitageuka niitazame ile kamera kubwa ya jukwaani, nitainua mkono wa kulia juu, niushikilie hapo. Hilo kosa ni la kufukuzwa, lakini kazi yenyewe inakufa, itamfukuza nani? Ukiniona nimeinua mkono, mpigie shemeji umuulize yeye anaona nini.

Kama hata baada ya hapo utapanda gari lake, sitakulaumu. Ila usipande kwa ajili ya sabuni.

Nimekukumbuka hadi nasahau nilivyokuwa nikikuita.

Mumeo,
Baba Chiriku

14 Septemba

Mume wangu,

Salamu zako zote nilizipata, na zile ambazo sikuzijibu nilizisoma mpaka nikazijua kwa moyo. Nisamehe. Watu wamenisema hadi nikawa nasikia sauti zao hata nikiwa peke yangu.

Kaka alikwenda. Alinung'unika njia nzima lakini alikwenda. Nilipompigia akasema, "Hapa hamna mechi, dada. Hapa watu wanajifunza kuendesha gari. Kuna mama anazunguka ndoo nne na mwalimu anamfokea." Nikamwambia arudie tena, kwa sauti, kinyozi na muuza mkaa wasikie. Kinyozi kasema akili yake imekataa ila masikio yamekubali. Muuza mkaa alikwenda zake bila kuaga.

Kwa hiyo nakuamini, hukurudi. Kaka anasema gari aliloahidi lina safari nyingine.

Lakini Baba Chiriku, mkono uko wapi?

Uligeuka. Nikauona uso wako mara ya kwanza baada ya miaka mitatu. Umezeeka kidogo, sikufichi. Uliinua mkono, shati likapanda, na pale kiganja kinapoanza hapakuwa na kitu. Ilikuwa sabuni tu. Chiriku alijificha nyuma yangu. Kinyozi akasema taratibu, "Sasa naelewa kwa nini anaonyesha mgongo tu."

Ulikatika lini? Ni zile mashine za nguzo? Ndiyo maana ulikuwa ukisema mgongo, mgongo, ili nisiulize mengine? Ulilazwa hospitali gani, na nani alikufunga shati?

Na usinitumie picha. Kama wanaweza kuchora sabuni wanaweza kuchora na kiganja.

Rudi. Sitaki kusikia kazi imebaki au haikubaki. Mimi sikuolewa na mkono. Utakachoshindwa kushika nitashika mimi, na Chiriku amekuwa mkubwa, anajua kufunga vifungo.

Mkeo,
Mama Chiriku

15 Septemba

Mama Chiriku wangu,

Mkono upo. Ndio ninaokuandikia.

Siku ile kulikuwa na baridi ya kukata, wakatugawia glavu mpya kabla ya mechi. Za kijani. Sikufikiri. Kompyuta ikaona kijani ikapaka sabuni. Nilipoisoma barua yako nilicheka mpaka wenzangu wakaamka. Halafu nilifika pale uliposema utanishikia, kicheko kikaisha, nikaenda kukaa ngazini.

Sasa nikwambie nilichokuficha kweli. Msimamizi hakunifukuza. Amenipa nafasi ya kubaki miaka miwili, kupanda ngazi na kufuta vumbi kwenye vioo vya zile kamera za nguzo. Anataka jibu leo. Nilikuwa nimeamua kukubali. Niliona aibu kukurudia na nguvu zimeishia huku, nikawaza bora unikumbuke nilivyoondoka. Wewe umenipokea nikiwa kilema, hata hukuuliza nitakula nini. Mtu akishapokelewa hivyo, aibu yake aipeleke wapi?

Nimemjibu hapana. Twiga kanipa begi lake kubwa, kasema yeye hana safari.

Picha situmi. Mkono nauleta mwenyewe, uushike.

Mumeo,
Baba Chiriku